Vidole Gumba Nje ya Usukani

Doha,
Jumanne, saa nane mchana

Baba yangu mpendwa,

Wakya, Baba. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kivuli cha ghala, miwani puani, na Mama yuko mbali kidogo. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio haujatulia, na sitakuficha. Magoti yako yanaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyomtumia kaka Mutinda ilikufikia, au aliwapaka mbuzi? Na ndengu zimetoa maua, au mvua ilinyesha siku mbili ikaona imetosha? Huku mvua sijaiona tangu nifike, na sikujua mtu anaweza kutamani hata matope.

Utajiuliza kwa nini nimeandika karatasi kama watu wa zamani na simu iko. Baba, wewe na simu hampatani. Injini ya lori ilikula masikio yako. Nikikupigia lazima nipige kelele, na wewe unaweka sauti ya juu kabisa, hadi kina mama wa kwaya wakipita barabarani wanajua nimekula nini. Jambo la leo si la kupigiwa kelele. Ndiyo maana pia nimeandika Kiswahili. Mama anasoma Kikamba cha Biblia peke yake, na Kiswahili cha kuandikwa anasema kinamuumiza kichwa. Barua anakuletea Mwikali, yule dada wa Zombe tunayekaa naye chumba kimoja. Anarudi likizo Alhamisi, na nimemwapisha akupe wewe mkononi, asimpe Mutinda wala Mama.

Nakuambia jambo lenyewe sasa hivi, kwa sababu najua una tabia ya kusoma mwisho wa barua kwanza. Kazi yangu imebaki kuning'inia kwenye picha moja tu, picha ya mkono wako wa kulia. Ndiyo, mkono huo huo. Tafadhali usiikunje barua. Soma hadi mwisho, halafu ukasirike ukitaka.

Nilikuambia nilitoka kwenye kazi za ndani nikapata kazi kwenye jengo kubwa la maduka, lakini sikukueleza ni kazi gani kwa sababu niliona utacheka. Ni mahali ambapo watu wazima wanalipa ili waendeshe gari ambalo halipo. Kuna kiti cha gari kimefungwa kwenye fremu ya chuma, pedeli tatu chini, usukani mbele, na skrini tatu kubwa mahali pa kioo. Barabara iko kwenye skrini. Nyuma ya usukani kuna mota. Kompyuta inaiambia mota kila kitu ambacho barabara inafanya, na mota inausukuma usukani. Gari likiingia shimoni, usukani unaruka mikononi. Ukikata kona kwa kasi, unakuwa mzito. Tairi zikianza kuteleza, unalegea ghafla, na hapo unajua umeshapotea. Siku ya kwanza nilipoushika nilisikia harufu ya dizeli, Baba, na mle ndani hakuna dizeli hata tone.

Kazi yangu ni kufunga hizo mashine na kuziweka sawa. Nakaza bolti, naunganisha waya, naiambia kompyuta usukani uzunguke hadi wapi na uwe mzito kiasi gani. Mwenye duka ni mama mmoja, Madamu Samira, mtu wa maneno machache. Alinichukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Nikifaulu, angenihamishia karatasi zangu niwe mfanyakazi wake kabisa. Nikishindwa, narudishwa kwa wakala, na wakala ananipeleka kwenye nyumba nyingine nisiyoijua. Ile nyumba ya kwanza unaijua, nilikuambia mara moja na sitaiandika tena.

Sasa uongo wangu. Siku ya kuulizwa maswali, Madamu aliniangalia kutoka viatu hadi kichwa, akasema, "Unajua nini kuhusu magari?" Nguo zangu zote zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko niliuficha nyuma ya mgongo. Mdomo ukajisemea wenyewe: "Nimeendesha lori miaka sita, kwetu Kenya." Baba, mimi hata leseni sina. Hiyo miaka sita nilikuwa nimekaa upande wa kushoto wa lori lako wakati wa likizo za shule, miguu haifiki chini, nikikumenyea machungwa.

Na huo uongo ulikaribia kuniumbua wiki ile ile ya kwanza. Zile sukani ndogo, asubuhi ukiziwasha, zinazunguka zenyewe. Zinaenda kushoto hadi mwisho, zinaenda kulia hadi mwisho, zikitafuta katikati yake. Hakuna aliyeniambia. Nikaona usukani unazunguka na kiti hakina mtu. Nikaurukia, nikaushika kwa mikono miwili kama mtu anayezuia ndama asiingie shambani. Si wewe ulinifundisha kwamba usukani hauachwi? Basi kompyuta ikadhani katikati ni pale nilipoushikilia. Mteja wa kwanza akakaa, usukani umenyooka lakini gari linaenda kushoto, linagonga ukuta, linagonga tena. Madamu akaniuliza shida ni nini. Mimi, dereva wa miaka sita, nikamjibu bila aibu, "Tairodi zimelegea," vile vyuma vinavyoshika matairi.

Arnel, Mfilipino tunayefanya kazi pamoja, aliinama akaangalia chini ya mashine. Akaangalia muda mrefu. Alipoinuka akaninong'oneza, "Mumbua, hii haina matairi." Akazima, akawasha tena, akaweka mikono yake mfukoni. Usukani ukazunguka, ukajitafutia katikati, ukatulia. "Unauacha tu," akaniambia. Tangu siku hiyo nami naweka mikono mfukoni, ila roho huwa inaruka kila asubuhi.

Kosa la pili lilikuwa la kuacha mchezo. Nilikuwa nauachia usukani mchezo, yaani ulegevu kidogo katikati, vile lori lako lilikuwa, unazungusha robo nzima kabla tairi hazijapata habari. Kwangu mimi usukani usio na mchezo ndio ulionekana mbovu. Wateja wakalalamika hadi nikajifunza. Lakini nilijifunza, Baba. Kufikia mwezi wa pili walikuwa wanauliza kama yule Mkenya yuko, kwa sababu kila mashine niliyoigusa ilishika barabara.

Halafu ikaja mashine mpya. Ilikuja kwenye sanduku la mbao, na mota yake peke yake ni kubwa kama debe la kupimia ndengu. Tuliifunga mimi na Arnel kwa bolti nne nene, na kando tukafunga kitufe chekundu cha kukata umeme haraka. Nilipoijaribu niliiweka kwenye nusu ya nguvu zake. Kwenye kona ya tatu nikagonga ukuta, na usukani ukajinyofoa mikononi mwangu, ukazunguka wenyewe mara mbili. Nilipoangalia mikono yangu niliona vidole gumba viko nje. Vilikuwa vimelala juu ya usukani pamoja na vingine, na mimi sikuwa nimefikiria hata kidogo. Ndipo nikakusikia kama uko pale: "Mwaitu, kidole kubwa inakaa nje. Ukiweka ndani, hiyo mti ya katikati ya usukani ikirudi, inabeba kidole yako inaenda nayo." Ulinifundisha hayo kwenye uwanja wa soko la Kyuso, nimekaa mapajani mwako, lori limezimwa.

Tangu hapo sikupata amani. Kila mteja akikaa, mimi sikuangalia skrini, niliangalia vidole gumba. Wote wanavizungushia ndani, kama mtu anayeshika ndoo. Nikaanza kuipunguza mashine kisirisiri. Nikaishusha hadi robo ya nguvu zake, nikanyamaza. Ningemwambiaje Madamu? Angeniuliza nimejuaje, na mimi ningejibu nini? Dereva wa miaka sita angekuwa ameshasema siku ya kwanza. Na mtu ambaye hajawahi kuendesha chochote hana haki ya kusema. Nilikuwa nakula chakula hakishuki. Mwikali akadhani nina ujauzito.

Jumamosi iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya majaribio yangu. Siku hiyo akaja daktari mmoja wa meno, rafiki wa Madamu, mtu mcheshi mwenye tumbo. Alitaka kununua mashine kama ile aiweke nyumbani, na alikuja na wenzake wawili waione. Akakaa, akaendesha kidogo, akasema, "Hii ni laini. Mbona mliniambia ni kama gari la kweli?"

Madamu akafungua kompyuta, akaona robo. Akanigeukia. "Nani ameishusha?"

"Ni mimi, Madamu."

"Nilikuambia uishushe?"

"Hapana, Madamu."

Akaipandisha mwenyewe hadi juu kabisa. Daktari akakunja mikono ya shati, akashika usukani. Vidole gumba vyote viwili vilikuwa ndani. Baba, vidole vya daktari wa meno! Nilifikiria watu wote wa mji huu waliokaa vitini wakimngoja mdomo wazi. Nikafikiria karatasi zangu, ambazo zilikuwa zimebaki sahihi moja tu. Kidole changu kiliwahi kile kitufe chekundu kabla sijaamua lolote, na mashine ikazima.

"Daktari," nikasema, "weka vidole gumba nje. Tafadhali. Halafu nitaiwasha."

Wenzake wakacheka. Yeye mwenyewe akatabasamu, akauliza, "Nani amekufundisha hayo?"

Madamu akajibu kwa niaba yangu, kwa ile sauti ya kumsifu mfanyakazi mbele ya wageni. "Huyu aliendesha lori miaka sita."

Hapo ndipo ningenyamaza, mambo yakapita. Lakini nilijua daktari akiniuliza swali moja zaidi juu ya lori ningetunga, na akishagundua natunga, vidole vingerudi ndani. Nikasema, "Si mimi. Ni baba yangu. Mimi sijawahi kuendesha. Baba yangu alivunjika kidole."

Hakuna aliyecheka. Daktari akaviangalia vidole vyake, akavitoa nje taratibu, akaniashiria niwashe. Akaendesha vizuri kona mbili. Kona ya tatu, ile ile yangu, akagonga ukuta. Usukani uliruka ukazunguka kwa kishindo, mikono yake ikatupwa hewani kama mtu anayeshangilia. Halafu akaanza kukunja vidole kimoja kimoja, akivihesabu. Vilikuwa vizima vyote. Akasema atafikiria kuhusu kununua, akaondoka na wenzake. Madamu aliniambia neno moja tu: "Jumatatu."

Jumapili sitakusimulia. Nilienda ushirika, nikasimama kuimba, na sijui tuliimba nini.

Jana Jumatatu akaniita ofisini. Akaniuliza baba yangu alivunjikaje. Sasa nafika pale ambapo sikutaka kufika, Baba, kwa sababu nilimwambia yote. Nilimwambia kuhusu ule mto mkavu baada ya Kyuso, siku mbili baada ya mafuriko, na lile jiwe lililofunikwa na mchanga. Nilimwambia nilikuwa na miaka tisa na nilisimama ndani ya kebini ili nione maji yalifika wapi, ingawa ulikuwa umeniambia nikae mara tatu. Nilimwambia ulinyoosha mkono wa kushoto ukanibana kifuani hadi kwenye kiti, na usukani ukabaki kwa mkono mmoja. Mkono mmoja lazima ukumbatie usukani, kidole gumba kikiwa ndani. Tairi ikagonga lile jiwe, usukani ukaruka, na nilisikia kidole kilivyolia. Bado nakisikia. Wewe hukupiga kelele. Uligeuza lori kwa kiganja cha kushoto hadi tukarudi Kyuso, jasho linakutoka, na njiani ukaniambia, "Tutasema ni jeki iliniponyoka. Mzee akijua nabeba mtoto kwa gari yake, hii kazi imeisha."

Na ikawa jeki. Kwa mwenye lori, kwa daktari, kwa pasta, hata kwa Mama. Nimeibeba hiyo jeki miaka yote na sijawahi kuitua kwa mtu, hadi jana, kwa mama wa watu ambaye hata Kyuso hajui iko upande gani. Nisamehe. Siri haikuwa yangu peke yangu na nimeitoa bila kukuuliza.

Madamu alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Miezi mitatu umenidanganya kuhusu lori. Sasa nitajuaje kama huyu baba naye hukumtunga?" Akasema nimwonyeshe huo mkono. Akiuona, ataichapisha picha kubwa aibandike ukutani kando ya mashine, ili kila mteja aione kabla ya kukaa, na mimi nitabaki. Asipouona hadi mwisho wa mwezi, atampigia wakala. Si mtu mbaya, Baba. Anaogopa kudanganywa mara mbili, na mimi ndiye nimemfundisha hivyo.

Arnel aliniambia nitafute kidole chochote kilichopinda kwenye mtandao, nani atajua? Nilikifikiria hicho kitu wakati wote wa chakula cha mchana. Hata nikatafuta. Viko vingi. Halafu nikaona nitakuwa napita kila asubuhi mbele ya kidole cha mtu mwingine nikikiita baba, nikazima simu.

Najua nakuomba nini. Najua kanisani unasalimia watu huku Biblia imefunika mkono. Kwenye picha ya harusi ya Mutinda mkono wako uko mfukoni, na mpiga picha alikuomba uutoe mara mbili ukajifanya husikii, na siku hiyo masikio yalikuwa mazima kabisa. Wewe ndiye uliyewafundisha madereva wote wa soko kuweka vidole nje, na aibu yako ni kwamba watasema mwalimu alisahau. Hukusahau. Mimi nilikuwepo.

Kama utakubali, kaa kwenye pikapu ya Mutinda mchana jua likiwa nyuma yako, ushike usukani vile ulivyonifundisha, na yeye apige picha anitumie. Akikuuliza ni ya nini, sijui umwambie nini. Mimi nimechoka kutunga. Mzee mwenye lori alishazikwa, na lori lenyewe liliuzwa vyuma chakavu kule Kambu, kwa hivyo hakuna wa kukufuta kazi. Anayebaki ni Mama. Labda atakasirika kwa siku kadhaa kwamba mtoto wake alikuwa hatarini akaambiwa ni jeki. Ukiona ni bora nirudi kwa wakala kuliko hayo, nitakuelewa. Naogopa sana, lakini nitakuelewa. Wewe huniita mwaitu kwa sababu nina jina la mama yako, basi fikiria ni yeye anayekuomba.

Nisalimie Mama, mwambie nakula na nimenenepa kidogo. Msalimie Mutinda na mke wake, yule mpishi wa chapati ambazo naziota. Wasalimie shangazi wa Mwingi akija kuuza mbuzi, na pasta, na jirani yetu wa kisima, mwambie bado namkumbuka hata kama tulikosana juu ya kamba. Mungu akutunze magoti na macho, na usilale na miwani.

Ni mimi binti yako anayekungoja kwa wasiwasi,
Mumbua

Baba, nilikuwa nimeshafunga bahasha nikaifungua tena. Kwenye picha weka mikono yote miwili. Madamu ameomba wa kulia tu. Wa kushoto naomba mimi, kwa sababu ndio ulionishika.